Kusubiri Namba Isiyokuja

Tarehe 4 Februari 1871 watu kumi waliingia Kabambare wakitoka pwani. Mmisionari David Livingstone, ambaye katika shajara yake anauita mji huo Bambarre, alikuwa amekwama hapo tangu Julai ya mwaka uliotangulia, vidonda vimemla miguu, akingoja watu, bidhaa na barua kutoka Unguja. Watu walifika. Barua ilifika moja. Nyingine arobaini zilikuwa zimepotelea njiani. Hakuendelea kuzingoja: kabla mwezi haujaisha alishafunga mizigo kuelekea Nyangwe, kwenye mto Lualaba.

Barua hizo zimebeba swali ambalo mafundi wa kompyuta wanalizungusha mpaka leo. Umeagiza vitu arobaini na kimoja, umengoja, kimefika kimoja. Mletaji aseme nini, na aliyeagiza angoje hadi lini?

Ndani ya chipu nyingi za siku hizi mna kipande kidogo kinachozalisha namba za nasibu kutokana na kelele ya umeme. Programu ikihitaji namba, inaomba; kipande kile kina namba tayari au hakina. Kikiwa hakina, mwombaji angoje kwa muda gani, na muda ukiisha ajibiwe nini? Wenyewe huuita ukomo huo taimauti. Ukilisikia hivi utadhani ni jambo la watu wachache waliojifungia Helsinki au Bangalore. Lakini mtu wa Kasongo au wa Kabambare, huko Maniema, Kongo, ambako kifaa huwashwa na paneli ya jua asubuhi na kuzimwa na betri usiku, analiishi kuliko wao. Kwao kuwashwa kwa kompyuta ikiwa baridi ni tukio la nadra. Kwake ni la kila siku.

Anayesimama kati ya programu na chipu anaitwa dereva. Huko Kasongo anayeshika usukani wa lori ni shofere, kwa hiyo neno dereva liko huru, nami nitalipa ngeli ya vitu: dereva hii ni programu fupi ndani ya kerneli, yaani kiini cha mfumo, na kazi yake ni kusema na kifaa kimoja tu.

Namba zenyewe ni za nini? Kila ufunguo wa siri unaanzia kwenye namba ambayo hakuna mwingine anayeweza kuikisia. Simu inapojitambulisha kwa mtandao, mtandao huitupia namba ya nasibu ya biti 128, na kadi ya SIM huijibu kwa hesabu ya siri inayojulikana na pande mbili peke yake. Namba hiyo hutengenezwa upande wa kampuni, mbali na Maniema. Ruta ya Wi-Fi au kompyuta ndogo inayojitengenezea ufunguo haina pa kuazima: bahati lazima itoke humo humo ndani yake.

Watu wa pwani walilijua jambo hili kabla ya umeme. Mpiga ramli huchoma vitone mchangani, mistari kumi na sita, mkono ukikimbia makusudi ili asiwahi kuhesabu. Kisha anavifuta viwili viwili mpaka kila mstari ubaki na kimoja au viwili. Fundi wa leo angesema amekusanya biti 16, yaani bao moja kati ya 65,536. Mistari hiyo hutoa maumbo manne yaitwayo mama. Mabinti na wote wanaofuata, hadi hakimu wa mwisho, hawatoki tena mchangani. Wanatoka katika hesabu ya kuwapanga na kuwajumlisha mama hao. Bahati kidogo mwanzoni, hesabu nyingi baadaye. Kerneli ya Linux hufanya vivyo hivyo: inakusanya mbegu ya biti 256, halafu hesabu inazaa namba kadiri zinavyotakiwa. Na lipo jambo moja katika ramli linalonifurahisha kuliko mengine yote. Hakimu sharti awe na vitone vya idadi shufwa. Akitoka witiri, basi mpigaji ameteleza mahali katika hesabu, na aliye mwaminifu hulifuta bao akaanza upya, hamtafsirii mteja kosa lake. Tutamhitaji hakimu huyo mbele.

Ndani ya chipu, mchanga ni kelele. Vitetemeshi kadhaa vya umeme huachwa vikimbie bila kufungwa kwenye saa moja; kila kimoja huyumba kidogo kwa joto na kwa tabia ya elektroni zenyewe, na ukikikamata ghafla unapata 0 au 1. Biti hizo mbichi huchujwa, hupimwa, kisha hupangwa kwenye foleni fupi. Kazi hiyo ina kasi yake, na mwombaji akizidi kasi hiyo, au akija kabla chipu haijapata moto, foleni inakuwa tupu.

Tuisogelee moja. Katika Raspberry Pi za mwanzo, zenye chipu ya BCM2835, kuna rejista ya hali, yaani kijisanduku cha kumbukumbu ndani ya chipu, chenye biti 32, na nane za juu kabisa zinasema ni maneno mangapi, yaani mafungu ya biti 32, yako tayari. Dereva inapoianzisha chipu huiamuru itupe matokeo 262,144 ya kwanza, kama mtu anavyomwaga maji ya kwanza aliyolowekea muhogo mchungu. Sasa programu inakuja kusoma. Dereva inazitazama biti nane: sifuri. Inamuuliza mwombaji, uko tayari kungoja? Akisema hapana, inamrudishia sifuri papo hapo: kwa sasa sina kitu. Akisema ndiyo, inaanza kuzunguka. Inasoma rejista, sifuri. Inampisha mwingine kidogo kwenye prosesa, inarudi, inasoma. Sifuri. Inasoma tena. Katika mzunguko ule hakuna mstari hata mmoja unaosema basi, imetosha.

Watu wameitumia dereva hiyo kwa miaka na lawama ni chache, maana chipu nzima hujaza foleni upesi kiasi kwamba mzunguko hauonekani. Dereva iliandikwa kwa ajili ya chipu nzima. Chipu ikifa, au ikizimiwa saa yake kwa bahati mbaya, mzunguko utaendelea mpaka mtu auzime umeme. Wala haizunguki peke yake: kerneli inawapitisha wasomaji wa chipu mmoja mmoja, aliyenasa ndani ameshika kufuli, wengine wamepanga mstari nje. Fundi akija na amri yake ya kuchungulia kama kifaa kinafanya kazi, naye anaungana na mstari.

Wengine waliweka ukomo, na ukomo wao ungemshangaza anayedhani kuna kanuni iliyoandikwa mahali. Dereva ya chipu za MediaTek hungoja makumi ya mikrosekunde tu. Ya STM32 hungoja milisekunde 50. Ya Exynos za Samsung, sekunde moja. Ya i.MX za NXP kwa miaka iliipa chipu sekunde tatu ijipime na kujipatia mbegu. Kati ya wa kwanza na wa mwisho mmoja amengoja mara makumi elfu zaidi ya mwenzake, na wote wanaomba kitu kilekile.

Tuichukue hesabu ya STM32, kwa sababu inaeleweka hata bila maabara. Chipu za ukoo wa STM32F4 hutoa neno moja la biti 32 kila baada ya mapigo 40 ya saa yake. Saa ikipiga mara milioni 48 kwa sekunde, neno moja linachukua mikrosekunde 0.83 hivi. Milisekunde 50 basi ni muda wa kuzalisha maneno yapatayo 60,000. Anayengoja kiasi hicho kupata neno moja haipimi tena kasi ya chipu. Anaipa nafasi ya kuonyesha kwamba iko hai, kisha anatangaza msiba. Hivyo ndivyo ukomo unavyopaswa kukisiwa, kwa maoni yangu: chukua muda wa kawaida wa chipu, uuzidishe mara nyingi sana, na usimame chini ya kiwango ambacho mtu aliyekaa mbele ya kioo ataanza kujiuliza kama mashine imekwama. Sekunde tatu wakati wa kuwasha hazimuumizi mtu. Sekunde tatu kwa kila neno zingekuwa kichekesho.

Kuna njia nyingine, ya kuhesabu majaribio badala ya muda. Intel, katika prosesa zake zenye amri ya RDRAND, zilizoanza kuuzwa 2012, iliwashauri waandishi wajaribu mara kumi. Kumi zikishindikana, waihesabu chipu kuwa mbovu. Kwa amri iliyo ndani ya prosesa yenyewe ushauri huo unafaa. Kwa kipande kilicho pembeni haufai, kwa sababu majaribio kumi ya prosesa ya kasi huisha kabla kipande kile hakijatoa hata biti moja, na programu iliyofanya kazi vizuri kwenye kifaa cha zamani inaanza kulalamika kwenye kipya.

Anayepima kwa saa naye ana mtego wake, na mtego huu umewanasa wengi. Fikiria uko kando ya barabara ya Kindu unangoja lori. Umejiambia: ikifika saa sita halijaja, narudi nyumbani. Saa tano na dakika hamsini unatazama, hamna kitu. Usingizi unakupitia. Unazinduka, saa sita na nusu. Ukiondoka kwa kuitazama saa peke yake umefanya ujinga, kwa sababu huenda lori limeegeshwa hatua tano kutoka ulipokaa. Prosesa nayo husinzia: dereva ikiwa katikati ya kungoja, kerneli inaweza kumpa mwingine zamu, na ikirudi muda umeshapita ingawa chipu ilijibu zamani. Kwa hiyo kerneli ya Linux ina kipande cha pamoja cha kungojea rejista, ambacho muda ukiisha huitazama rejista mara moja ya mwisho kabla ya kutoa hukumu. Ni mstari mmoja. Anayejiandikia mzunguko wake mwenyewe, kwa kuona kazi ni ndogo, huusahau. Halafu mashine ikilemewa na kazi zinatokea taimauti ambazo hakuna anayeweza kuzirudia akiwa mezani.

Sasa muda umeisha kweli. Aambiwe nini aliyeomba?

Dereva ina majibu ya aina tatu. Namba chanya, yaani idadi ya baiti ilizopata. Sifuri. Na namba hasi, ambayo ni jina la kosa: -5 ni kosa la kuingiza na kutoa, -11 ni jaribu tena baadaye, -110 ni muda umekwisha. Barua za Livingstone zinaingia hapa. Mwombaji ameomba baiti 64, zimepatikana 12, chipu imenyamaza. Jibu sahihi ni 12. Siyo 64, siyo kosa. Zile 12 ni halali, na aliyeomba atarudi kutafuta 52 zilizobaki. Dereva za STM32 na MediaTek zimelifunga hilo katika mstari mmoja ambao ningempa kila mwanafunzi auandike ubaoni: kama umepata chochote, rudisha idadi yake; kama hukupata kitu na mwombaji hakutaka kungoja, rudisha sifuri; kama hukupata kitu na alikuwa tayari kungoja, rudisha kosa. Nina ugomvi mdogo tu, kwamba kosa wanalorudisha ni -5, jina la jumla mno, kama mtu wa duka anapokujibu kila siku kwamba rezo, yaani mtandao, ni mbaya. Kuna -110 pale pale, ingemwambia fundi kwamba chipu ilinyamaza, na asihangaike kutafuta kosa lingine.

Msomaji aliyezoea pesa za simu ataniuliza: kwa nini kujaribu tena iwe rahisi hivyo? Swali zuri. Kwenye kibanda cha kutuma pesa Kasongo, mtu anatuma, duara linazunguka, ujumbe unakuja kwamba muda umekwisha. Pesa zimeondoka au hazikuondoka? Wakala mwenye uzoefu hatumi tena kabla ya kuangalia salio, maana akituma mara mbili atalipa mara mbili. Taimauti ya pesa inaacha deni la shaka. Namba ya nasibu haina deni. Ikipotea njiani, hakuna aliyepungukiwa. Unaomba nyingine, na ile iliyopotea haikuwa na mwenyewe. Dereva ina bahati ya kuhudumia bidhaa ambayo kurudia ombi hakuharibu chochote ila muda. Kwa bahati kama hiyo haina udhuru wa kutoa jibu la kubahatisha.

Na majibu ya kubahatisha ndiyo yameleta madhara makubwa katika historia fupi ya vifaa hivi. Tumrudie hakimu wa ramli. Mwaka 2019 baadhi ya prosesa za AMD ziligunduliwa kuwa zikiombwa namba kwa RDRAND hujibu kila mara namba ileile, 4,294,967,295, yaani biti 32 zote zikiwa 1, huku zikiinua bendera ya mafanikio. Hazikuchelewa, hazikunyamaza. Dereva yoyote inayopima muda peke yake ingezipa alama zote. Kompyuta kadhaa zenye Linux zilishindwa hata kuwaka, kwa sababu programu ya kuanzisha mfumo iliendelea kuomba namba mpya na kupewa ya jana.

Kwa hiyo ukomo wa muda haumtoshi hakimu. Taasisi ya viwango ya Marekani, NIST, katika mwongozo wake wa Januari 2018 unaojulikana kama SP 800-90B, inavitaka vyanzo vya kelele vijipime wakati vinafanya kazi: je, jibu moja limejirudia mfululizo kupita kiasi? Je, katika kundi la majibu, moja limetawala? Dereva ya STM32 inaongeza ukali wake: neno linalosomwa likiwa sifuri tupu, linahesabiwa kuwa dalili ya kosa la mbegu, halipelekwi kwa mwombaji. Inatupa namba moja halali katika kila bilioni nne na zaidi. Ni bei ndogo. Dereva ya chipu za Broadcom iitwayo iproc-rng200 ndiyo ninayoipenda zaidi kwa tabia. Ikiona chipu imeshindwa jaribio lake, inaizima na kuiwasha upya, lakini mara moja tu kwa kila usomaji. Ikishindwa tena, inasimama. Na ikikaa sekunde nzima bila neno jipya, inaondoka na ilichonacho. Imemwekea mgonjwa dozi, na mganga naye imemwekea mpaka.

Lakini jibu la kweli la dereva halina faida kama hakuna anayelisoma. Agosti 2021 watafiti wa kampuni ya usalama ya Bishop Fox walieleza hali ya vifaa vidogo vya intaneti, taa, kamera na vipimajoto vinavyojiendesha bila mfumo mkubwa kama Linux, na walichokikuta ni kwamba waandishi wa programu zake kwa kawaida huomba namba kwenye chipu na hawalitazami jibu la pili, lile linalosema imepatikana au haikupatikana. Chipu inasema sina. Programu inachukua kilichokuwa kwenye kopo, mara nyingi sifuri, na kukitengenezea ufunguo. Ni sawa na Livingstone kupokea mfuko wa barua na kuandika majibu arobaini kwa barua ambazo hakuzisoma.

Mwaka 2012 watafiti wa Marekani waliokusanya funguo za seva kutoka intaneti nzima walionyesha uzito wa jambo hili. Waliweza kuzipata funguo za siri za RSA za nusu asilimia ya seva za TLS walizozikuta, kwa hesabu tu, kwa sababu vifaa tofauti vilikuwa vimetumia kigawo kimoja. Wengi wa wahanga walikuwa ruta, vizuizi vya mtandao na vifaa vingine visivyo na kibodi wala kioo, vilivyojitengenezea ufunguo dakika ya kwanza ya maisha yao, kabla havijakusanya bahati yoyote. Vilikuwa na haraka, na hakuna aliyeviambia vingoje.

Ukisoma hayo utasema basi, vingoje bila kikomo. Septemba 2019 ikajibu. Mabadiliko katika mfumo wa faili wa ext4 yalipunguza safari za kwenda kwenye diski. Kazi nzuri, mashine zikawa nyepesi. Ila safari zile zilikuwa chanzo kimojawapo cha kelele ambayo kerneli iliitumia kukusanya mbegu, na programu ya kuingilia ilikuwa ikingoja mbegu kabla ya kuonyesha kioo. Kompyuta ikawa inakaa gizani: mtumiaji anangoja kioo, kioo kinangoja namba, namba inangoja diski, diski haina kazi kwa sababu mtumiaji hajaingia. Linus Torvalds, mwasisi wa Linux, aliyaondoa mabadiliko ya ext4 kabla ya kutoa toleo la 5.3, na katika toleo la 5.4 kerneli ikafundishwa kujitafutia kelele katika kuyumba kwa saa ya prosesa pale inapoona kuna anayengoja. Kuanzia toleo la 5.6 la mwaka 2020, /dev/random, mlango ambao programu huombea namba, nayo ikaacha kumzuia mtu mara mbegu ya kwanza ikishapatikana.

Sasa twende Kasongo asubuhi. Chukua shule yenye Raspberry Pi moja na paneli, ndani yake Kiwix, yaani programu ya kusomea ensaiklopidia nzima bila intaneti, na wanafunzi wanaiingia kwa Wi-Fi kwenye simu zao. Saa kumi na mbili na nusu jua limegusa paneli, betri imeamka kwa shida. Bodi hiyo haina saa yenye betri yake. Bila mtandao wa kuisahihisha, inaamini kuwa bado ni jana, karibu na ilipozimwa, kwa hiyo saa haiiongezei bahati yoyote. Umeme ukishuka chini ya volti 4.63 bodi yenyewe hupiga kelele, na katika umeme wa kuyumba vipande vya chipu huanza kwa kusuasua. Programu ya hostapd, inayoendesha Wi-Fi katika ruta nyingi za namna hii, iliandikwa na mtu aliyelifikiria tatizo. Ikiona mbegu haijatosha, huandika kwamba itabadilisha funguo baadaye, kisha humkataa mteja wa kwanza makusudi, ili ule mparangano wa kuunganishwa uiongezee bahati. Mwanafunzi wa kwanza kufika, aliyewahi kuliko wenzake, simu yake inakataliwa. Wa pili anaingia. Ni nani atamweleza kwamba alikuwa mchanga wa ramli? Kerneli za karibuni zimelipunguza sana tukio hili, ila bodi za zamani zenye mifumo ya zamani ndizo zinazodumu kwenye shule kama hizo.

Halafu kuna kadi. Fundi aliyefanikiwa na bodi moja anainakili kadi yake kwa ajili ya shule tano, kwa sababu kupakua upya gigabaiti zile Kasongo ni gharama. Linux huhifadhi mbegu kidogo kwenye diski inapozimwa ili iamke nayo, na nakala tano zinaamka na mbegu moja. Kama zina pia funguo za SSH zilizokwisha kutengenezwa, shule tano zina kufuli tano na ufunguo mmoja. Mwaka 2015 iligundulika kwamba hata mfumo rasmi wa Raspbian ulikuwa ukitengeneza funguo hizo katika uwashaji wa kwanza kabla dereva ya chipu ya nasibu haijaanza kazi, ukasahihishwa. Chipu ilikuwepo, dereva ilikuwepo, ila zilichelewa kuitwa.

Ndiyo maana siafiki ushauri unaosikika kwa mafundi wengi, kwamba mahali penye umeme mbaya dereva iongezewe muda. Muda wa dereva unahusu chipu, na chipu ya Kabambare haina mapigo 40 tofauti na ya Chicago. Kama haikujibu katika milisekunde 50, sekunde 50 hazitaifufua. Kinachotofautiana ni subira ya aliye juu, na yeye ndiye anayejua namba ni ya nini. Kerneli yenyewe inaonyesha mgawanyo huo: uzi wake unaokusanya bahati kutoka kwenye chipu ukipewa jibu tupu au kosa, hulala sekunde kumi, kisha hujaribu tena, siku nzima ikibidi, bila kumzuia mtu. Dereva imeshindwa upesi, kerneli imesubiri taratibu. Programu inayotengeneza ufunguo wa kwanza wa kifaa inastahili kungoja bila kikomo, kwa sababu ufunguo huo utakaa miaka. Inayohitaji namba ya kuchanganya maswali ya mtihani isingoje hata kidogo. Dereva haiwezi kuzitambua hizo mbili, na ikijifanya inaweza, mmoja wao ataumia. Inachodaiwa ni kwamba anayengoja aweze kukata tamaa mwenyewe: akibonyeza Ctrl na C, aachiwe aende, badala ya kushikiliwa ndani ya mzunguko usiosikia.

Linabaki tatizo la shajara, ambalo mijini halitajwi. Dereva ikishindwa, inaandika mstari mmoja kwenye shajara ya kerneli. Vifaa vingi vidogo, ruta zenye OpenWrt kwa mfano, huiweka shajara kwenye RAM ili kuinusuru flashi isichakae kwa kuandikwa mara kwa mara. Saa tatu usiku betri inakata, na mstari ule unakwenda nayo. Asubuhi fundi anafika, kifaa kinawaka, chipu siku hiyo inajibu vizuri kwa sababu jua ni kali, shajara ni tupu. Anawaambia walimu kwamba kifaa ni kizima. Kesho yake kuna mawingu.